Je, wajua kwa nini kiongozi wa kwenye tamthilia hubadilisha msimamo?

Hapa Lubumbashi, mwanasiasa wa kwenye tamthilia akigeuka tu, sebule nzima inasema: "Wamemnunua!" Wengi huamini kwamba tamthilia nzuri ya siasa ni ile inayofichua nani kala rushwa. Rushwa ipo, tunaijua. Lakini ukishamjua mwovu, huna tena la kuuliza. Ugumu wa uamuzi unaonekana pale ambapo kila aliye mezani ana haja ya kweli, na haja zote haziwezi kutimizwa.

Tazama Borgen, tamthilia ya Denmark iliyoanza 2010. Bunge lao lina viti 179, wingi ni 90, na vyama hulazimika kuungana. Sehemu yake ya pili inaitwa "Hesabu hadi 90".

Chukua likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya watu watano. Anayeshika pesa si mwenye pesa. Zamu imemfikia mama wa tatu, aliyekwisha kuahidi karo ya watoto. Usiku huo mtoto wa mama wa tano analazwa hospitali. Mshika pesa akimpa wa tano, wa tatu anajitoa. Akikataa, wa tano anajitoa. Mzunguko unavunjika, naye hajaiba hata franka moja. Mwandishi hodari hutupeleka kwanza nyumbani kwa wa tatu, kisha kwa wa tano, ndipo kwenye kikao. Tukifika huko, kumhukumu mshika pesa kunatuwia vigumu.

Katika msimu wa Borgen wa 2022, mafuta yanagunduliwa Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark. Birgitte Nyborg, mhusika mkuu ambaye sasa ni waziri wa mambo ya nje, anapinga uchimbaji kwa ajili ya tabianchi; Wagreenland wengi wanaona ndiyo njia ya kujitegemea. Baadaye anageuka na kuunga mkono, na tamthilia haifichi kwamba alitaka pia kubaki na cheo chake. Aliyekulia kwenye mji wa shaba kama wetu anaelewa haraka.

Hata hivyo, saa moja ya televisheni humkuza mtu mmoja kupita kiasi. Mafaili, wanasheria na majuma ya kusubiri havionekani.

Kwetu Kongo, muungano wa FCC (kambi ya Rais wa zamani Joseph Kabila) na CACH (kambi ya Rais Félix Tshisekedi) ulivunjika mwishoni mwa 2020, wabunge wengi wakahama, na Januari 2021 Bunge likamwangusha Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Viti 500, wingi 251. Ningetamani sana kuona usiku mmoja wa mbunge wa Katanga wakati ule: chama kinapiga simu, kaka mkubwa anapiga simu, na mlangoni wamekaa watu waliompigia kura.