Je, wajua kwa nini Wi-Fi hujaa sebuleni na kukata chumbani?

Ruta ni mpya, ina antena nne, na video inakwenda vizuri ukiwa umekaa kwenye kochi. Ukiingia chumba cha nyuma, simu inabaki na kistari kimoja na ujumbe wa WhatsApp unazunguka bila kufika. Wengi hapo hupiga simu kwa kampuni ya intaneti, au huongeza kifurushi. Mara nyingi pesa hiyo huenda bure, maana kinachokwamisha ni kuta za nyumba na mahali ruta ilipowekwa. Kifurushi cha Mbps 50 hakipenyi tofali zaidi ya kifurushi cha Mbps 10.

Wi-Fi ni redio. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi katika masafa mawili. GHz 2.4 ina wimbi la urefu wa sentimita 12.5 hivi, na GHz 5 ina wimbi la kati ya sentimita 5 na 6. La kwanza hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi yake ni finyu na imejaa: Marekani iliruhusu masafa hayo yatumike bila leseni mwaka 1985, nchi nyingine zikafuata, na leo Bluetooth, oveni za maikrowevu na ruta za majirani zote zimo humo. La pili hubeba data nyingi zaidi, ila hudhoofika haraka kila likikutana na kitu kizito.

Na nyumba zetu zina vitu vizito. Ukuta wa tofali la saruji la inchi sita una unene wa sentimita 15. Wimbi likiupiga moja kwa moja hupita sentimita hizo 15. Likiupiga kwa mshazari hulazimika kupita njia ndefu zaidi. Ndiyo maana chumba kilicho kando kabisa ya korido hupata shida kuliko kinachotazamana na ruta, hata kama umbali ni uleule. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hufikia nusu mita, na huko ruta moja kwa nyumba nzima ni matumaini tu. Sakafu ya zege yenye nondo, ukuta wa mabati, friji, kioo kikubwa cha kabati la nguo (mgongo wake umepakwa madini) na tangi lililojaa maji vyote huzuia au kurudisha mawimbi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Vistari vya kwenye simu vinaonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta, havionyeshi jinsi ruta inavyoisikia simu. Simu ina antena ndogo na hurusha kwa nguvu pungufu, kwa hiyo unaweza kuona vistari viwili na ukurasa usifunguke, kwa sababu majibu ya simu hayafiki. Hata antena nane za ruta haziondoi tatizo hilo lote. Hata nguvu ya kurusha imewekewa kikomo kisheria, na kikomo hicho hakipandi kwa kuongeza antena.

Kwa hiyo anza na mahali. Fundi wa faiba kwa kawaida huingiza waya kupitia dirisha lililo karibu na nguzo na kuacha kisanduku nyuma ya televisheni, kwa kuwa ndiko kwepesi kwake. Mwombe, kabla hajatoboa ukuta, aufikishe waya kwenye korido au katikati ya nyumba. Kama ameshamaliza, acha kisanduku cha faiba palepale, nunua kebo ya LAN ya Cat5e au Cat6 ya mita 10 au 15, na upeleke ruta katikati. Kebo hiyo hufanya kazi hadi mita 100 bila kupoteza kasi, hivyo usiogope urefu. Waya wa faiba wenyewe usiukunje kwenye kona kali wala kuubana na mlango: ndani yake mna kioo chembamba, na mwanga huvuja kwenye mkunjo. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia kitu.

Ruta ikae juu, mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni, wazi, nje ya kabati. Antena zisimame wima. Antena husambaza mawimbi yake kama tairi lililolazwa chini, mengi yakienda pembeni na machache sana juu na chini. Ukiilaza kuelekea chumbani ukidhani unamulika, unakielekezea ncha yake, yaani upande ulio dhaifu. Kwa nyumba ya ghorofa, antena moja ndiyo ilazwe ili imfikie aliye juu.

Kisha pima, usikisie. Pakua programu yoyote ya kupima Wi-Fi kwenye simu ya Android, ufunge milango na uzunguke chumba kwa chumba ukisoma namba za dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa simu ya video, -75 itafungua ujumbe kwa shida, na ikipita -80 hesabu kwamba hakuna. Kila zikishuka 3, nguvu imepungua nusu. Ukisogeza ruta mita mbili na chumba cha nyuma kikatoka -78 hadi -69, umeongeza nguvu mara nane bila kununua kitu.

Ikibidi kununua, soma boksi kwa makini. Maandishi kama AC1200 ni jumla ya masafa mawili, 300 na 867, na simu ya kawaida haipati yote kwa pamoja. Kwa matumizi halisi tegemea nusu ya namba ya upande mmoja. N300 ni ya GHz 2.4 peke yake, na ukiwa kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, iache dukani. Angalia pia tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti. Ruta nyingi za bei ya chini zina tundu la Mbps 100, ambalo kwa vitendo hutoa 94 hivi. Kwa kifurushi cha 20 au 40 haikudhuru. Kwa cha 200 unalipia kisichopita. Wi-Fi 6, kizazi kinachofuata Wi-Fi 5, ina faida pale vifaa ni vingi. Hewa ni moja na kila kifaa husubiri zamu yake, na kile kilicho mbali huongea polepole na kula zamu ndefu, kikiwachelewesha hata walio karibu. Kwa mtu mmoja na simu mbili, Wi-Fi 5 nzuri inatosha.

Kuisimika hakuchukui nusu saa. Kebo itoke tundu la LAN la kisanduku cha faiba iingie tundu la WAN la ruta, ambalo mara nyingi lina rangi ya tofauti. Jiunge na jina la Wi-Fi lililo kwenye kibandiko chini ya ruta, fungua brauza na uandike 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kulingana na kibandiko. Ukiulizwa aina ya muunganisho, ni DHCP (anwani hugawiwa yenyewe) isipokuwa kampuni imekupa jina la mtumiaji na nenosiri. Hapo ni PPPoE (muunganisho wa kuingia kwa nenosiri), na herufi moja ikikosewa hakuna intaneti. Badilisha kwanza nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo ni tofauti na la Wi-Fi. Likibaki “admin”, yeyote aliyewahi kupewa Wi-Fi anaweza kuingia na kubadilisha atakacho. Sasisha programu ya ruta. Chagua usalama wa WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, weka nenosiri la herufi 12 au zaidi, na zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN. Wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni.

Kwenye GHz 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, ile yenye majirani wachache, na upana uwe MHz 20. Ukichagua chaneli 3 unagongana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6 kwa pamoja. Kwenye GHz 5, chaneli 36 hadi 48 ni salama. Kwenye 52 hadi 144 ruta hulazimika kusikiliza rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, ndiyo maana wakati mwingine jina la 5G halionekani mara tu unapoiwasha. Hiyo “5G” ya kwenye jina la Wi-Fi ni GHz 5, haihusiani na 5G ya mtandao wa simu.

Kama chumba bado hakipati, ongeza kituo cha pili. Repita ya kuchomeka ukutani ni rahisi, ila nyingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hukatika nusu. Watu huichomeka kule kule mtandao ulikokufa, ikaanza kurudia kitu kisichokuwepo. Iweke katikati ya njia, panaposomeka -60 hivi. Bora zaidi ni ruta ya zamani iliyounganishwa kwa kebo. Ingia kwanza kwenye mipangilio yake ikiwa peke yake, ipe anwani 192.168.1.2 ikiwa ruta kubwa ni 192.168.1.1, zima DHCP, kisha chomeka kebo LAN kwa LAN, usitumie WAN. Usipozima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kwa wakati mmoja, na vifaa vingine vitapata intaneti huku vingine vikikosa, bila mpangilio.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu wana mtihani wao. Inataka dirisha linalotazama mnara, wakati nyumba inaitaka katikati. Dirisha lishinde, kisha vuta kebo hadi kituo cha pili ndani. Kwenye mipangilio tafuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara: karibu na -80 ni nzuri, chini ya -110 ni mbaya. Hakikisha pia, kabla ya kulipa, kwamba ruta haijafungiwa mtandao mmoja.

Umeme nao. Ukinunua betri ya akiba, soma adapta ya ruta: nyingi ni volti 12, lakini zipo za 9 na za 5, na volti 12 kwenye kifaa cha 9 inaweza kukiunguza. Ampea zikizidi hakuna neno. Betri ya mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina saa-wati 32 hivi. Kisanduku cha faiba na ruta vikila wati 10 kwa pamoja, utapata chini kidogo ya saa tatu, kwa kuwa nyingine hupotea katika kubadilisha volti, iwapo namba ya kwenye boksi ni ya kweli. Viunganishe vyote viwili. Ruta ikibaki inawaka huku kisanduku cha faiba kimezimika, simu itaonyesha Wi-Fi imejaa na hakuna kitakachofunguka.

Na kabla ya kumlaumu yeyote kwa kasi ndogo, chomeka kompyuta kwa kebo kwenye ruta na upime. Kasi ikiwa sawa na ya kifurushi, tatizo liko hewani, ndani ya nyumba yako. Ikiwa chini hata kwa kebo, jaribu kebo nyingine, maana waya mmoja ukikatika ndani hushusha kasi bila kuonekana, kisha piga simu kwa kampuni ukiwa na namba hiyo mkononi.