Mkurugenzi wa Michezo Chuoni ni Nani, na kwa Nini Mara Nyingi Alikuwa Kocha

Chuo kimoja cha Marekani kinaweza kuwa na timu nyingi: futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, kisha kikapu, riadha, kuogelea, voliboli na nyinginezo. Kila timu ina kocha wake, na makocha wote hao wana bosi mmoja, mkurugenzi wa michezo. Ndiye anayewaajiri na kuwaachisha kazi, anayegawa bajeti, anayepanga timu itacheza na nani na wapi, na anayejibu iwapo mchezaji ameshuka darasani chini ya kiwango kinachotakiwa. Mtazamaji jukwaani huenda asimjue hata kwa sura. Lakini mwanariadha Mtanzania Suleiman Nyambui aliposoma na kushindana katika mbio kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, na mwanariadha Mkenya Henry Rono alipokuwa Chuo Kikuu cha Washington State, walikuwa chini ya idara zinazoongozwa na mtu wa cheo hicho.

Kwa miongo mingi cheo hicho kilimwendea kocha wa futiboli. Futiboli ndiyo iliyojaza viwanja na kuleta fedha za kiingilio, kwa hiyo kocha wake alikuwa tayari mtu mwenye sauti chuoni. Katika vyuo vidogo kulikuwa na sababu nyepesi zaidi: hapakuwa na fedha za kuajiri watu wawili. Mtu mmoja alifundisha timu, alifundisha darasa la elimu ya viungo, na jioni aliketi na hesabu za idara.

Sijui mfano bora kuliko Jake Gaither wa Florida A&M, chuo cha Wamarekani weusi mjini Tallahassee. Alizaliwa Tennessee mwaka 1903, mtoto wa mhubiri, na alitamani kuwa mwanasheria. Baba yake alipofariki ilibidi atafute kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya ualimu na ukocha. Alifika Tallahassee mwaka 1937 kama kocha msaidizi, akawa kocha mkuu mwaka 1945, na katika misimu 25 timu yake ilishinda michezo 203, ikapoteza 36 na kutoka sare 4. Aliwagawa wachezaji wake katika vikosi vitatu, akaviita Damu, Jasho na Machozi, akiviingiza kwa zamu mpaka wapinzani wakaishiwa pumzi. Bob Hayes, aliyeshinda dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, alikuwa mchezaji wake.

Ushindi huo ndio unaosimuliwa sana. Mimi naona tarehe 29 Novemba 1969 inatufundisha zaidi kuhusu cheo tunachokieleza. Siku hiyo Florida A&M ilicheza na Chuo Kikuu cha Tampa, chenye wanafunzi wengi weupe, katika eneo la Kusini mwa Marekani ambako kwa vizazi timu za weusi na za weupe hazikuruhusiwa kukutana. Florida A&M ilishinda 34 kwa 28. Mbinu za uwanjani zilikuwa za kocha. Kuupata mchezo wenyewe, yaani kushawishi wakubwa, kukubaliana na chuo cha pili na kupanga tarehe na uwanja, ni kazi ya ofisini, nayo ilihitaji subira ambayo filimbi ya kocha haiwezi kuileta. Baada ya msimu huo Gaither aliacha ukocha, akabaki na cheo chake kingine, cha mkurugenzi wa michezo, hadi 1973.

Hapo ndipo ugumu wa safari ya kutoka ukocha hadi ukurugenzi unapoonekana. Kocha hujua Jumamosi jioni, mchezo ukiisha, kama kazi yake imefanikiwa. Mkurugenzi anaweza kungoja miaka. Kocha huipigania timu yake peke yake, ilhali mkurugenzi akiipendelea futiboli kwa sababu ndiko alikotoka, kocha wa riadha na kocha wa kuogelea wataona mara moja. Na atalazimika kumsimamia mrithi wake mwenyewe bila kumwingilia. Naamini hilo la mwisho ndilo lililowashinda wengi.

Mwaka 1972 sheria ya Marekani inayojulikana kama Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na michezo ya vyuo ikaingia humo. Mkurugenzi aliyezoea kuiwazia futiboli akatakiwa kuwapa wanawake nafasi, viwanja na ufadhili wa haki. Ilikuwa sheria njema, na ilibadili aina ya mtu anayefaa kwa kazi hiyo.

Leo vyuo vikubwa hutafuta zaidi watu waliobobea katika fedha, sheria na uchangishaji, hasa tangu Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Njia ya zamani haijafungwa kwa vyuo vidogo. Katika daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi nchini humo, hakuna ufadhili wa masomo unaotolewa kwa sababu ya michezo. Fedha huko ni chache, na kocha anaweza bado kukabidhiwa ofisi ya mkurugenzi huku akiendelea kushika filimbi.