Mauntingi ngumu ndo nzuri? Uongo tunaoambiana wenye Datsun 240Z

Uongo namba moja: "ukitaka gari likimbie funga mauntingi za chuma." Jamani, mauntingi, yaani kile kishikizo kinachokaa kati ya injini na bodi, haiongezi hata nguvu ya farasi mmoja! Kazi yake kubeba injini, kuizuia isijiviringishe ukikanyaga mafuta, na kumeza mtetemo. Sasa ukifunga chuma tupu ule mtetemo unaingia wote kwenye bodi, nati zinalegea, mabano yanapata nyufa, na wewe humo ndani meno yanagongana kama una homa. 240Z kidogo ina nafuu maana injini yake, L24, ni silinda 6 za mstari, imejibalansi yenyewe, ila chukua Ford Escort ya silinda 4 uifunge chuma uone mafuta yanavyotoa povu kwenye kabureta. Halafu mtu anakujibu "hii gari ilishinda Safari Rally 1971 na 1973 bwana", haya sawa, ilishinda, lakini yako inaenda kazini na harusini.

"Mpira ni wa magari ya wazee." Mpira mpya wa maana unatosha kabisa kwa gari la barabarani, unaoharibu sifa ni ule uliolowa oili miaka na miaka mpaka umevimba na kuwa laini kama chingamu. Na msishangilie spea orijino iliyokaa stoo tangu enzi hizo, mpira unazeeka hata kwenye boksi, ukiukunja kidogo unaona mipasuko.

"Kushoto na kulia zinachoka sawa." Hapana. Ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva, injini ikivuta inalalia kulia, kwa hiyo ya kulia inakandamizwa na ya kushoto inavutwa juu, na mpira unavumilia kukandamizwa kuliko kuvutwa, ndo maana ya kushoto huwa inatangulia kukatika. Sio mchezo hii, mwishoni mwa 1971 General Motors waliita Chevrolet kama milioni 6.7 zirudishwe kurekebishwa kwa sababu mauntingi ikikatika injini inainuka na inaweza kuvuta akseleta ikabaki wazi, na dawa yao ilikuwa waya tu wa kuishikilia injini isipae. Mi ningeacha mpira na kufunga kamba ya chuma upande wa kushoto, bei ndogo na usingizi mzuri.

"Poli ni poli", yaani mauntingi za poliurethani zote ni sawa. Wapi! Kuna ya Shore A (kipimo cha ugumu) 70 na kuna ya 95, ya pili ukiifunga ni kama umefunga jiwe. Uliza namba kabla hujatoa hela.

Ya giaboksi nayo isisahaulike, mbele ngumu nyuma imechoka ni kumtwisha giaboksi mzigo wa kucheza peke yake.

Na fundi akikaza bolti zote injini ikiwa bado inaning'inia kwenye winchi, mwambie alegeze. Ashushe kwanza uzito ukae, atikise injini kidogo ijipange, ndo akaze, la sivyo mpira unaanza maisha ukiwa umeshasokotwa.