Vyakula vya kigeni vinapobadilishwa ladha: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Chakula kikivuka mpaka hubadilika, na kikishabadilika hakosi mtu wa kusema kimeharibiwa. Lawama hiyo hutolewa upesi, mara nyingi na mtu ambaye hajajiuliza ni nani aliyekibadilisha, alikuwa na shida gani, na hicho kinachoitwa "halisi" kilitoka wapi. Nimekusanya hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara, nikianza na ile ninayoona inawaonea watu zaidi.

"Wamekibadilisha kwa sababu hawajui kukipika"

Ukweli ni kwamba vyakula vingi vya aina hii vilibadilishwa na wenyewe, watu waliovila tangu utotoni. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Waliokuwa wamekwishafika walibaguliwa katika kazi nyingi, na wengi wakabaki na udobi na mikahawa. Wateja wa mikahawa hiyo walizidi kuwa Wamarekani, na mboga nyingi za Guangdong, jimbo la kusini mwa China walikotoka wengi wao, hazikuwa rahisi kupatikana sokoni. Wakatumia kilichokuwepo. Brokoli, mboga yenye asili ya Italia, ikashika nafasi ya ile mboga ya majani ya kwao, ikakaangwa na nyama ya ng'ombe. Mwaka 1915 uamuzi wa mahakama uliwatambua wenye mikahawa kuwa wafanyabiashara, hadhi iliyowawezesha kusafiri na kuleta watu wao. Mikahawa ya Kichina ikaongezeka. Anayeicheka leo sahani ya nyama na brokoli anacheka njia ambayo watu walioandamwa na sheria waliitumia kulisha familia zao.

Au mchukue Peng Chang-kuei, mpishi mzaliwa wa Hunan, jimbo la China, aliyehamia Taiwan baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya China. Katika miaka ya 1950 alibuni huko kuku anayejulikana kwa jina la Jenerali Tso: mkali, mwenye uchachu na chumvi, bila sukari hata chembe. Alipokwenda kupika New York katika miaka ya 1970, alibadilisha mapishi yake mwenyewe, akatia sukari, ili yawafae wateja wasio wa Hunan. Katika miaka ya 1990 alifungua mkahawa Changsha, mji mkuu wa Hunan, na wenyeji wakaona kuku yule ni mtamu kupita kiasi. Mkahawa haukudumu. Huyu hakukosa ujuzi. Alikuwa miongoni mwa wapishi wakubwa wa zama zake, na alijua vizuri kwamba anayekula ndiye mwenye ulimi.

"Kuna mapishi safi, yasiyowahi kuguswa na wageni"

Jaribu kuyatafuta. Italia bila nyanya? Nyanya ilitoka bara la Amerika, ikafika Ulaya karne ya 16, na Waitalia wakakaa muda mrefu bila kuiamini. Mpishi Antonio Latini alipoandika maelekezo ya mchuzi wa nyanya katika miaka ya 1690, huko Naples, aliuita mchuzi wa mtindo wa Kihispania. Pilipili nayo, ambayo leo hatuwezi kuitenganisha na India, ilipelekwa huko na Wareno kutoka Amerika katika karne hiyo hiyo ya 16.

Japani ni mfano ninaoupenda zaidi. Kwa karne nyingi ulaji wa nyama ulikatazwa au kuonwa vibaya, mpaka Mfalme Meiji alipotangazwa mwaka 1872 kuwa anakula nyama ya ng'ombe. Wapishi wa Tokyo wakajifunza vyakula vya Ulaya, na mwaka 1899 mkahawa mmoja wa Ginza, mtaa wa Tokyo, ukaanza kuuza nyama ya nguruwe iliyoviringishwa kwenye chenga za mkate. Wafaransa hukaanga kipande kama hicho kwa siagi kidogo. Wajapani wakakizamisha kwenye mafuta mengi, kama walivyozoea kupika tempura, yaani samaki na mboga za kuvikwa unga na kukaangwa. Baadaye kikaja kukatwa vipande kabla ya kuandaliwa ili kiliwe kwa vijiti, pamoja na kabichi iliyokatwa nyembamba, wali na supu ya miso, kiungo cha soya iliyochachushwa. Hiyo ndiyo tonkatsu. Na tempura yenyewe? Mbinu yake ilifika na Wareno, karne ya 16. Kwa hiyo Wajapani waliubadilisha mlo wa Mfaransa kwa mbinu waliyokuwa wamekwisha kuipokea kwa Mreno na kuifanya yao kabisa.

Kuna pia hadithi kwamba Marco Polo ndiye aliyewaletea Waitalia tambi kutoka China. Alirudi Venice mwaka 1295. Mwanajiografia al-Idrisi alikwisha kuandika mwaka 1154 kuhusu tambi zilizotengenezwa Trabia, kisiwani Sicily, na kupakiwa kwenye meli kwenda kuuzwa mbali. Hadithi hiyo inawanyima sifa Waarabu wa Sicily, na ingefaa iachwe.

"Kurekebisha ladha ni kupunguza pilipili na kuongeza sukari"

Hutokea, kama tulivyoona New York. Lakini mwelekeo hutegemea walaji. Wareno walipofika Goa, pwani ya magharibi ya India, walikuwa na pishi lao la nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu. Wapishi wa Goa wakaweka siki badala ya mvinyo, wakaongeza viungo na pilipili, ikawa vindaloo. Vindaloo ikasafiri hadi Uingereza, na mikahawa ya huko ikaizidishia ukali, hata ikawa ndiyo sahani ya kupimana nani anaweza kuvumilia moto. Uchachu uliokuwa roho yake huko Goa ukafifia.

Wachina wa India nao waliongeza ukali. Nelson Wang, mzaliwa wa Kolkata, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni kuku wa Manchuria mjini Mumbai mwaka 1975: alianza kwa vitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi, kama anavyoanza mpishi wa Kihindi, kisha akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi. Huko Manchuria kwenyewe, kaskazini mashariki mwa China, chakula hicho hakijulikani. Kwa wasiokula nyama, nafasi ya kuku ikachukuliwa na koliflawa.

Wakati mwingine kinachobadilika ni nyama yenyewe. Wahamiaji wa Kilebanoni waliofika Puebla, Mexico, mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na utaalamu wa kuchoma nyama kwenye nguzo inayozunguka. Kondoo akaachia nafasi nguruwe, viungo vikawa vya Mexico, mkate ukawa tortilla, chapati nyembamba ya mahindi. Leo chakula hicho, tacos al pastor, ni fahari ya Mexico nzima.

"Nchi ya asili haiguswi na mabadiliko hayo"

Zamani Wajapani hawakula samoni mbichi, kwa kuwa samoni wa Pasifiki hubeba vimelea. Katika miaka ya 1980 Norway, iliyokuwa na samoni wengi wa kufugwa, ilifanya kampeni ya makusudi kuwashawishi Wajapani wamle kwenye sushi, vitonge vya wali wenye siki vinavyoliwa na samaki. Ilichukua miaka, lakini sasa samoni ni miongoni mwa sushi zinazopendwa sana Japani kwenyewe.

"Jina la mkahawa hueleza mpishi katoka wapi"

Hapa ndipo ninapokubaliana kwa kiasi na wanaolalamika. Robin Cook, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema mwaka 2001 kwamba chicken tikka masala, kuku wa kuchoma kwenye mchuzi wa viungo, ni mlo halisi wa taifa la Uingereza. Ilikuwa kauli njema. Lakini sehemu kubwa ya mikahawa ya Uingereza iliyojiita "ya Kihindi" ilianzishwa na kuendeshwa na watu wa Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh. Waliandika "India" kwa sababu ndilo jina wateja walilolijua, na vyakula vya Sylhet kwenyewe havikuingia kwa urahisi kwenye orodha za kuuzia. Mchuzi kubadilika halinisumbui hata kidogo. Linaloniuma ni watu wa Sylhet kupika miaka yote hiyo bila kutajwa.