Kabla ya kupinga notisi ya mwendokasi mahakamani

Wateja wanaoniletea notisi ya mwendokasi huanza karibu wote kwa maneno yaleyale: "Wakili, mimi sikuwa nakimbia kiasi hicho." Ninawasikiliza mpaka mwisho, kisha ninawaomba tuyaweke kando maneno hayo kwa muda, kwa sababu hakimu hataanza na kumbukumbu ya dereva. Ataanza na kile kilicholetwa na upande wa mashtaka: spidi iliyosomwa na kifaa, askari aliyekishika au picha iliyopigwa na kamera, na nyaraka za kuonyesha kwamba kifaa hicho kilikuwa kinapima sawasawa. Baada ya miaka mingi ya kesi za namna hii nimefika kwenye msimamo ambao siuachi: uamuzi wa kulipa au kupinga usifanywe kabla ushahidi haujaonekana. Anayelipa kwa hofu na anayekimbilia mahakamani kwa hasira wamekosea kwa namna moja, kwa maana wote wawili wameamua juu ya jalada wasilolisoma.

Kabla ya yote, linda muda. Notisi huwa na tarehe ya mwisho ya kulipa au ya kutoa taarifa ya kupinga, na mara nyingi maelezo hayo yamechapishwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo. Katika nchi nyingi kulipa faini huhesabiwa kuwa ni kukiri kosa, na baada ya hapo ni vigumu sana kurudi nyuma. Kukaa kimya ni kubaya zaidi, kwa sababu faini inaweza kuongezeka au hukumu ikatolewa bila wewe kusikilizwa. Bahasha nayo itunzwe, kwa kuwa tarehe ya kupokea barua inaweza kuwa na uzito kuliko barua yenyewe. Nchini Uingereza, kwa mfano, kama dereva hakuonywa papo hapo barabarani, taarifa ya kwanza inapaswa kumfikia mmiliki aliyesajiliwa wa gari ndani ya siku 14 tangu kosa lidaiwe kutendeka, na kuchelewa kwake kunaweza kuiangusha kesi nzima.

Kuna hoja ambazo ninamshauri mteja aziache mapema. Mwendokasi kwa kawaida ni kosa lisilohitaji nia, hivyo mashtaka hayana haja ya kuthibitisha kwamba ulikusudia kukimbia wala kwamba ulikiona kibao. Kusema kwamba magari mengine yalikwenda kasi zaidi hakupunguzi chochote. Dharura ya kweli, kama vile kumkimbiza mgonjwa aliye hatarini kufa, inaweza kuwa utetezi, lakini mahakama huibana sana na hutaka kujua kwa nini hakukuwa na njia nyingine.

Hoja ya spidomita inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu wenye magari huiamini kwa dhati. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, ambayo nchi nyingi zimeikubali, inakataza spidomita kuonyesha spidi ndogo kuliko ile halisi, huku ikiruhusu ionyeshe zaidi kwa hadi asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake. Kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa kanuni hiyo likienda kilomita 100 kwa saa, mshale unaweza kusoma popote kati ya 100 na 114. Dereva anayesema kwamba mshale ulikuwa kwenye 90 ana hoja ya kweli, maana gari lake halikupaswa kuvuka 90. Lakini hoja hiyo hufa pale inapobainika kwamba alifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani: tairi lililoongezeka kipenyo kwa asilimia 5 huliongezea gari spidi halisi kwa kiwango hichohicho, na spidomita haina habari. Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya mshale ni neno la dereva peke yake, na kwa kawaida haitoshi kuangusha kipimo cha kifaa kilichohakikiwa.

Baada ya kuondoa hoja hizo, tunabaki na vifaa, na hapa ndipo kesi nyingi hushinda au hushindwa. Watu huita kila kifaa tochi, lakini wakili hana budi kujua ni tochi ya aina gani. Rada hutuma mawimbi ya redio na kupima jinsi mwangwi wake unavyobadilika kutokana na mwendo wa gari. Mwali wake hutanuka: mwali wa nyuzi 12, ukifika umbali wa meta 300, una upana wa zaidi ya meta 60, na ndani ya upana huo magari kadhaa yanaweza kukaa bega kwa bega. Swali la kuuliza basi si kama rada ilisoma spidi kweli, bali ilisoma spidi ya nani. Leza, inayopima kwa mwanga jinsi umbali wa gari unavyobadilika, ina mwali mwembamba ambao kwa umbali huohuo kwa kawaida hauzidi meta 1, hivyo utata wa gari gani lililolengwa hupungua sana. Udhaifu wake ni mkono wa askari, kwa sababu mwali ukiteleza kwenye ubavu wa gari wakati wa kupima, mabadiliko ya umbali yanaweza kuchanganya hesabu.

Mtandaoni kuna ushauri mwingi kuhusu pembe, na ningependa kuusahihisha kwa sababu umewapotezea watu fedha na muda. Ni kweli kwamba askari aliyesimama kando ya barabara hupima kwa pembe, na ni kweli kwamba pembe hiyo huleta kosa katika kipimo. Lakini kosa hilo humsaidia dereva: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husomeka takriban 98.5 kwa pembe ya nyuzi 10, na takriban 94 kwa nyuzi 20. Anayesimama mbele ya hakimu na kulalamikia pembe hiyo anakuwa ameeleza kwamba huenda alikwenda kasi zaidi ya anavyoshtakiwa. Mambo hugeuka pale tu rada inapokuwa ndani ya gari la polisi linalotembea. Hapo kifaa hupima jinsi magari mawili yanavyosogeleana, kisha huondoa humo spidi ya gari la polisi. Kama spidi hiyo ya pili imesomwa pungufu, labda kwa sababu rada ilishika mwangwi wa lori lililokuwa mbele badala ya ardhi, tofauti yote huangukia kwa dereva anayekuja. Kuna pia askari wanaomfuata dereva na kusoma spidomita yao wenyewe. Kipimo hicho kina maana endapo umbali kati ya magari haukubadilika, kwa kuwa gari la nyuma linalokaribia lazima linakwenda kasi kuliko la mbele.

Kamera za wastani, yaani zile zinazopima spidi ya wastani ya gari kati ya sehemu mbili za barabara, zinanipa matumaini madogo zaidi. Zinagawanya umbali kwa muda, na kwa umbali mrefu kosa dogo la saa halina athari kubwa. Kilomita 5 kwa spidi ya 80 huchukua sekunde 225. Saa ikikosea kwa sekunde nzima, jibu hubadilika kwa chini ya nusu kilomita kwa saa. Kwenye kesi hizo ninatazama picha na namba ya gari kuliko hesabu. Niliwahi kumtetea mtu ambaye tarakimu moja ya namba yake ilisomwa vibaya. Picha ilipokuzwa, gari lililoonekana halikuwa hata la aina yake, na mashtaka yaliondolewa kabla ya siku ya kusikilizwa. Angelipa bila kuomba picha, angebeba alama za makosa za mtu mwingine kwenye leseni yake.

Ndiyo sababu ninaandika barua ya kuomba nyaraka kabla ya kutoa ushauri wowote wa mwisho. Ninaomba cheti cha uhakiki wa kifaa na tarehe yake, uthibitisho kwamba askari alifundishwa kukitumia kifaa hicho hasa, kumbukumbu ya majaribio ya kabla na baada ya zamu, picha au video kamili, na hati inayoonyesha kikomo cha mwendo kilichowekwa kisheria mahali pale. Mahakama hazina msimamo mmoja kuhusu kiasi cha nyaraka ambazo mshtakiwa anastahili, lakini mwelekeo si mbaya. Mnamo Novemba 2020 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba haki ya kusikilizwa kwa usawa inampa mshtakiwa wa mwendokasi nafasi ya kuomba taarifa za upimaji ambazo hazimo ndani ya jalada. Mapema zaidi, mwaka 1984, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua katika shauri la Öztürk kwamba hata kosa dogo la barabarani lina sura ya jinai, na mshtakiwa anastahili ulinzi unaoendana nayo.

Wapo wanaonikumbusha uamuzi wa Florida wa mwaka 1979, ambapo jaji alikataa vipimo vya rada baada ya kusikiliza wataalamu kwa kirefu. Uamuzi huo ulikuwa na maana kwa vifaa vya wakati ule. Leo mahakama nyingi zinaikubali rada kama teknolojia, na utetezi wenye nguvu ni ule unaogusa kifaa hiki, siku ile, mikononi mwa askari yule.

Kama gari limenaswa na kamera, swali la nani aliendesha hujitokeza, na hapa ninakuwa mkali. Katika nchi nyingine mmiliki anawajibika kisheria kumtaja dereva; Mahakama ya Ulaya ililikubali sharti hilo la Uingereza mwaka 2007 katika shauri la O'Halloran na Francis. Kutaja jina la uongo hubadilisha faini kuwa kifungo. Marcus Einfeld, aliyekuwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya Australia, alihukumiwa jela mwaka 2009 kwa sababu aliapa kwamba gari lake liliendeshwa na rafiki, ambaye kumbe alikuwa amekwishafariki. Chris Huhne, aliyekuwa waziri nchini Uingereza, alifungwa mwaka 2013 kwa alama za leseni alizozihamishia kwa mkewe miaka 10 nyuma. Mteja akinidokezea jambo la namna hiyo, ninasitisha mazungumzo mpaka aliondoe mezani.

Nyaraka zikishafika, tunapima uzito wa matokeo, na faini mara nyingi ndiyo sehemu nyepesi. Ninauliza kwanza leseni ina alama ngapi, bima itapanda kwa muda gani, na kama mteja anaishi kwa usukani. Dereva mmoja wa lori alitaka kulipa ili yaishe, kwa kuwa faini ilikuwa ndogo. Tulipohesabu alama, notisi ile ingemvusha kwenye ukomo na kumwacha bila leseni, yaani bila kazi. Kwake kupinga kulikuwa na maana hata kwa ushahidi wenye pengo dogo. Kwa mwenye leseni safi aliyezidisha kilomita chache, huku cheti cha kifaa kikiwa kamili na picha ikiwa wazi, ninamwambia alipe, kwa sababu anayeshindwa anaweza kuongezewa gharama za mahakama na kupoteza punguzo la kukiri mapema.

Kati ya kulipa na kupigana kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Pale sheria inaporuhusu, unaweza kufika mahakamani, ukakiri kosa, kisha ukaeleza hali yako ili adhabu ipunguzwe, au ukaomba kozi ya usalama barabarani badala ya alama. Wakati mwingine mashtaka hukubali spidi ya chini kuliko ile iliyoandikwa, hasa kipimo kinapokuwa kimekaa karibu na mpaka wa kosa kubwa zaidi. Mazungumzo hayo hufanyika vizuri kabla shahidi hajaitwa, ukiwa na nakala ya cheti mkononi na swali moja mahususi juu yake. Siku hiyo fika mapema, umtafute mwendesha mashtaka kabla kikao hakijaanza, kwa sababu shauri likishaitwa nafasi ya kukubaliana hupungua sana.