Konda namwelewa, wanaonisumbua ni wanaotabasamu

Panda daladala yoyote Dar, konda atapita anatingisha sarafu mkononi karibu na sikio lako, hasemi kitu, na wewe unatoa nauli. Hakuna aliyezaliwa anaijua hiyo ishara, wote tumejifunza. Mi nina usonji (autism), ishara za watu huwa zinanipita, ila hiyo sijawahi kuikosea hata siku moja, kwa sababu ina maana moja tu. Shida yangu ni yule mama anayekujibu "sawa mdogo wangu" huku anatabasamu, af wiki inayofuata kliniki haji tena.

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo, yani kuwasaidia watu wamudu shughuli za kila siku, nipo na watoto wenye usonji karibu kila siku, na mwenyewe nimekuja kupata jibu langu nikiwa na miaka 29, yani nilikuwa nawaelekeza wazazi dalili ambazo na mimi ninazo. Watu wanashangaa ilichelewaje hivyo. Nadhani malezi yetu yalinificha. Mtoto wa kike asiyewakazia wakubwa macho huku kwetu anasifiwa, ana adabu, katulia, bibi yangu alikuwa ananitolea mfano kwa binamu zangu. Kumbe mi nikimwangalia mtu machoni sisikii tena anachosema. Nilivyoingia intavyuu ya kazi ya kwanza ndo nikaulizwa mbona hututazami, unaficha nini?

Nikaanza kusoma vile vitabu vya lugha ya mwili, mtu akikunja mikono kifuani hakubaliani na wewe, akishika pua anadanganya. Mzee mmoja akakunja mikono kikao kizima, mi nikapunguza sauti, nikamwomba radhi mara mbili, kumbe kiyoyozi kilikuwa kinampiga mgongoni.

Na testi za kitaalamu zina shida hiyohiyo. Ile ya mwanasaikolojia wa Uingereza Simon Baron-Cohen na wenzake, iliyoboreshwa mwaka 2001, ina picha 36 za macho matupu, kwa kila picha unachagua neno moja kati ya manne kusema mwenye macho hayo anawaza au anahisi nini. Sasa mtaani nani atakuletea macho bila mdomo, bila mabega, bila habari ya kilichomkuta asubuhi, halafu atulie akusubiri uchague?

Kilichonisaidia ni kuacha kuuliza "hii ishara maana yake nini" nikaanza kuuliza "huyu kwa kawaida yake yukoje". Kuna mwenzangu kazini anaongea na mikono muda wote, siku mikono ikitulia mezani najua kuna kitu, sijui ni njaa au hasira au kichwa kinamuuma, ila kuna kitu, na hapo kusoma kumeisha, kinachobaki ni kumuuliza. Halafu sianzii usoni. Uso watu wamezoea kuutunza, hasa sisi wa pwani na heshima zetu, ila miguu na mikono wanaisahau. Yule mama wa "sawa mdogo wangu" nikikumbuka vizuri, pochi ilishapanda begani, magoti yameelekea mlangoni, mtoto kashikwa mkono. Vyote vilikuwepo, mi nilikuwa bize na tabasamu. Sa hivi nikiona pochi imepanda naacha maelezo yangu palepale, nasema "mama, unawahi, au nimeongea vitu vigumu?" Wengi wanakaa tena, ndo unaambiwa nauli haipo, au baba mtoto hataki kusikia.

(Kanga ndo lugha ya mwili ninayoipenda, imeandikwa kabisa, ingawa bado huwa sijui anasemwa nani.)

Lakini msinielewe vibaya kwamba sisi tu ndo wa kujifunza. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili, na nyie msio na usonji mnatusoma sisi ovyo. Naona kazini, mtoto anapunga viganja kwa furaha mgeni anauliza kama kapandisha mashetani, mwingine kageuza uso ili asikie vizuri, mwalimu anaandika "hasikilizi". Ndo maana simfundishi mtoto yeyote kukaza macho. Nimelifanya miaka hilo zoezi, najua linavyochosha, jioni unarudi nyumbani hata salamu huwezi kuitikia.

Ninachowafundisha sana ni kuuliza bila aibu. Mfano "karibu chakula". Mwenye chakula akishasogea kwenye mkeka, anaita mtu alete maji ya kunawa, hiyo ni ya kweli, ila akiitamka mkono ushafika kwenye ugali na hajasogea hata kidogo, mara nyingi ni adabu tu. Mara nyingi, sio zote, na mi nishakosea huku na huku. Kwa hiyo jirani yangu akiniita siku hizi namuuliza kabisa, "Mama Asha, hii ya kweli au ya adabu?" Anacheka, anasema "ya adabu leo mwanangu, samaki mmoja." Basi napita zangu.