Programu dhibiti mbadala ya ruta: ni nini, na ruta ikigoma inafufuliwaje

Ruta ya nyumbani ni kompyuta kamili, ila ndogo. Ina prosesa, ina RAM, na mahali pa diski ina chipu ya flashi ambayo kwenye ruta nyingi za bei nafuu haizidi megabaiti 16. Programu iliyoandikwa kwenye chipu hiyo ndiyo inayorusha Wi-Fi, kugawa anwani kwa simu na kompyuta, kuzuia wanaojaribu kuingia kutoka nje, na kuonyesha ule ukurasa wa mipangilio. Hiyo ndiyo programu dhibiti. Ikiondolewa ya kiwandani na kuwekwa nyingine iliyoandikwa na watu wengine, kifaa kikabaki kilekile, hiyo mpya ndiyo programu dhibiti mbadala.

Mambo haya yalianzia kwenye ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002. Ilitumia Linux, na leseni ya Linux inamtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake. Msimbo ulitolewa 2003, na 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. DD-WRT na Tomato nazo zina asili hiyohiyo. Maelezo yanayofuata yanahusu OpenWrt, kwa kuwa inakubali ruta za aina nyingi na kurasa zake za kila kifaa zimeandikwa kwa undani.

Kwa nini mtu ajisumbue? Chukua ruta ya mtumba iliyonunuliwa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Redio yake ni nzima, lakini mtengenezaji aliacha kutoa masasisho zamani, na matundu ya usalama yamebaki wazi. Au nyumba ya Uyole yenye modemu moja ya USB na simu sita zinazogombania bando moja: kijana akianza kupakia video, simu ya WhatsApp ya mama inakatika. OpenWrt ina dawa ya hilo inayoitwa SQM, yaani kupanga foleni ya data ili mmoja asiwazibie wengine. Unasakinisha kifurushi cha `luci-app-sqm`, unachagua `cake` (mojawapo ya njia za kupanga foleni hiyo), kisha unaweka kasi iliyo chini kidogo ya ile unayopata kweli, karibu asilimia 85. Ukipima ukapata Mbps 20 za kushusha na 6 za kupakia, jaza 17000 na 5100, maana visanduku vile vinahesabu kilobiti. Kwa mtandao wa simu pima saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Ukipima alfajiri utajaza namba ambayo jioni haina maana.

Isichokifanya ni hiki: haiongezi kasi ya bando, wala haipenyezi Wi-Fi kwenye ukuta wa tofali za kuchoma. Anayekuuzia huduma ya kuflashi, yaani kuandika programu dhibiti nyingine kwenye chipu, kwa ahadi ya "intaneti mara mbili" anakudanganya. Kwenye mistari ya kasi kubwa unaweza hata kupoteza kidogo, kwa sababu programu ya kiwandani mara nyingi hutumia njia za mkato za chipu ambazo SQM haiendi nazo pamoja. Na kile kisanduku cha faiba alichofunga mtoa huduma, usikiguse: ni mali yake, kimefungwa, na kikiharibika hutaweza kukisajili tena kwenye laini. Weka ruta yako mwenyewe nyuma yake.

Kabla ya kupakua chochote, geuza ruta usome lebo iliyo chini. Jina la modeli peke yake halitoshi. TP-Link TL-WR841N imetoka kwa matoleo zaidi ya kumi, na v8 na v13 hazina hata chipu za kampuni moja ingawa kwa nje zinafanana sana. Faili la v8 halifai v13. Angalia pia kumbukumbu. Ruta zenye flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32 ziliishia kwenye toleo la 19.07, na zenye MB 8 na MB 64 zinahangaika. Anayenunua leo atafute MB 16 za flashi na MB 128 za RAM kwenda juu. Archer C7 v2 au v5 ya mtumba inafika hapo. Chipu za Qualcomm Atheros na MediaTek kwa kawaida hazisumbui. Broadcom iache, kwa sababu madereva yake ya Wi-Fi hayako wazi na mara nyingi utaishia na ruta isiyo na Wi-Fi.

Sasa twende ndani ya flashi, kwa sababu hapa ndipo penye ufunguo wa kutambua kila tatizo. Chipu ile imegawanywa vipande. Cha kwanza ni butiloda, mara nyingi U-Boot: programu ndogo inayoamka kwanza umeme unapoingia, ikatafuta mfumo na kuuanzisha. Kipande cha pili ni mfumo wenyewe, Linux pamoja na programu zake, uliobanwa katika muundo wa squashfs usioweza kuandikwa juu yake. Cha tatu ni overlay, mahali pa mipangilio yako na vifurushi ulivyoongeza. Halafu kuna kipande kidogo kinachosahaulika, kiitwacho `art` au `factory` kutegemea chipu, chenye vipimo vya redio na anwani za MAC, namba za kukitambulisha kifaa mtandaoni. Vipimo hivyo ni vya kifaa hichohicho kimoja. Vikifutika, Wi-Fi haitakaa sawa tena, na kuazima vya ruta ya jirani si tiba. Ndiyo maana jambo la kwanza baada ya OpenWrt kuwaka ni kuingia System, kisha Backup / Flash Firmware, na kuhifadhi nakala ya kipande hicho kwenye laptopu.

Ukijua vipande hivyo unajua pia ugonjwa uko wapi. Overlay ikiharibika, mfumo uko salama chini yake na dawa ni kuifuta. Mfumo ukiharibika, butiloda bado inaweza kupokea mwingine. Butiloda yenyewe ikifutika, hapo ndipo ruta imekufa kwelikweli, na kufufua kunahitaji kuing'oa chipu au kuibana kwa klipu na kuiandika kwa kifaa maalumu. Habari njema ni kwamba kuflashi kwa kawaida hakuigusi butiloda. Mkosi unakuja ukitumia faili la kiwandani la TP-Link lenye neno `boot` katika jina lake wakati wa kurudi kutoka OpenWrt. Faili hilo limebeba butiloda mwanzoni, na lisipokatwa huandikwa mahali pasipo pake. Kwenye Linux linakatwa hivi:

`dd if=asili.bin of=iliyokatwa.bin skip=257 bs=512`

Kuflashi kwenyewe ni kazi fupi. Faili ni za aina mbili: `factory` ni ya kuingia mara ya kwanza kupitia ukurasa wa kiwandani, na `sysupgrade` ni ya kupandia toleo jipya ukiwa tayari ndani ya OpenWrt. Linganisha alama ya SHA256 ya faili ulilopakua na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia, hasa kama bando lilikatika katikati. Tumia kebo, si Wi-Fi. Na umeme: huku kwetu Mbeya mvua zikianza Novemba unaweza kukatika mara tatu mchana mmoja, kwa hiyo ruta iwe kwenye UPS au betri kabla hujabonyeza kitufe. Ukitumia betri ya sola ya volti 12, usiiunganishe moja kwa moja, maana ikichajiwa hupanda hadi karibu volti 14.4, pitisha kwenye kidhibiti cha volti. Baada ya kubonyeza, acha dakika tano bila kugusa kitu, hata kama taa zinacheza cheza.

Ikiwaka, nenda `192.168.1.1`. Jina ni `root`, nenosiri hakuna; weka la kwako papo hapo. Wengi hushtuka kuona Wi-Fi imepotea wakadhani wameua ruta. OpenWrt kwa kawaida huwaka Wi-Fi ikiwa imezimwa, uiwashe mwenyewe kwenye Network, Wireless. Weka nchi TZ kwanza. Ukichagua chaneli kati ya 52 na 144 kwenye 5 GHz, redio inalazimika kusikiliza rada kwa angalau dakika moja kabla ya kurusha, hivyo kwa nyumba ya kawaida chagua chaneli iliyo nje ya hizo kwenye orodha inayoonyeshwa kwa TZ, uepuke usumbufu huo.

Tatizo linaloongoza baada ya hapo ni "Wi-Fi ipo, intaneti hakuna". Mara nyingi sababu ni anwani. Kisanduku cha mtoa huduma kinatumia `192.168.1.1`, OpenWrt nayo `192.168.1.1`, na ruta haijui mtandao upo upande gani. Badili upande wa LAN (mtandao wa ndani ya nyumba) wa OpenWrt uwe, tuseme, `192.168.10.1`, kisha chomoa na kuchomeka tena kebo ya laptopu ili ipate anwani mpya. Ukiona kompyuta bado inang'ang'ania anwani ya zamani, ukurasa hautafunguka, na mfumo ukingoja sekunde 90 bila kukuona utarudisha mpangilio wa awali wenyewe. Si hitilafu, ni kinga, lakini inawachanganya wengi.

La pili ni saa. Ruta hizi hazina betri ya saa. Umeme ukirudi baada ya kukatika usiku kucha, ruta inaamka ikiamini bado ni siku iliyopita, au mwezi uliopita, hadi ipate saa kwenye intaneti. Katika muda huo vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, orodha ya vifurushi inakataa kupakuliwa, na WireGuard (VPN) haiunganishi. Ingia kwenye dirisha la amri la ruta kwa `ssh`, uandike `date` kabla ya kuanza kulaumu kitu kingine.

La tatu ni modemu ya USB inayopotea kila baada ya dakika kadhaa. Kwenye dirisha hilohilo andika `dmesg` utazame mistari ya mwisho. Ukikuta `USB disconnect` ikifuatwa na `new high-speed USB device`, mara nyingi modemu imekosa umeme. Mlango wa USB 2.0 umekusudiwa kutoa miliampea 500, na modemu ikiwa mbali na mnara, kama ilivyo kwenye mabonde ya Rungwe, huongeza nguvu ya kurusha na kuvuta zaidi. Adapta ya ruta iliyochoka inazidisha. Weka habu ya USB yenye adapta yake, au badili adapta ya ruta kwa nyingine ya volti zilezile yenye ampea kubwa zaidi. Volti zisibadilike, ampea zikizidi hakuna shida.

Ruta ikikataa kukupokea kabisa baada ya mpangilio mbovu, hiyo ni overlay. Ipe laptopu anwani ya `192.168.1.2`, chomeka kebo kwenye LAN, washa ruta, na taa ikianza kupepesa harakaharaka bonyeza kitufe cha kuriseti. Taa itapepesa kwa kasi zaidi: umeingia hali ya dharura. Ingia kwa `ssh root@192.168.1.1`, andika `mount_root` kama unataka kurekebisha faili moja tu, au `firstboot -y && reboot` kufuta yote. Chunguza pia kama overlay imejaa kwa `df -h /overlay`. Anayependa kusakinisha kila kifurushi anachosikia huishia hapa.

Taa zikizunguka bila kufika mwisho, mfumo ndio mbovu, na zamu ni ya TFTP, njia ya kuipa butiloda faili la mfumo kupitia kebo. Kwa TP-Link nyingi za Atheros, laptopu inapewa `192.168.0.66`, kwa WR841N v13 ni `192.168.0.225`. Faili linaitwa jina maalumu, kwa mfano `ArcherC7v2_tp_recovery.bin` au `tp_recovery.bin`, likiwekwa kwenye folda ya programu ya TFTP. Zima ngome (firewall) ya Windows, shikilia kitufe cha kuriseti, washa ruta, endelea kushikilia kama sekunde kumi. Isipochukua faili, weka swichi ya kawaida kati ya ruta na laptopu, kwa sababu laptopu nyingine huchelewa kuamsha mlango wake na ruta haina subira.

TFTP ikikataa pia, fungua kasha utafute pini za siriali, ambazo butiloda hutolea maandishi yake. Adapta ya USB-TTL iwe ya volti 3.3, ya 5 inaunguza. Unga GND kwa GND, TX kwa RX, RX kwa TX, na pini ya VCC iache wazi. Kasi kwa ruta nyingi ni 115200. Herufi zikitokea kwenye skrini, butiloda iko hai na ruta ina nafasi nzuri ya kupona.

Radi nayo ina namna yake. Hupita kwenye kebo ya antena ya juu ya bati na kuua mlango wa WAN (wa kuingizia intaneti) peke yake, ilhali kila kitu kingine kinafanya kazi. Kwenye programu ya kiwandani mara nyingi hapo ndipo mwisho. Kwenye OpenWrt ya toleo la 21.02 kwenda juu, kwa ruta zinazotumia DSA (mfumo unaoonyesha kila tundu kwa jina lake), ingia Network, Interfaces, Devices. Toa `lan4` kwenye `br-lan` (daraja linalounganisha matundu ya LAN), kisha kwenye kiolesura cha `wan` na `wan6` chagua `lan4` kuwa kifaa. Fanya hivyo laptopu ikiwa kwenye `lan1`, hifadhi, hamishia kebo ya intaneti kwenye tundu la nne, na uandike WAN kwa kalamu ya maka juu ya plastiki, fundi ajaye asije akachomeka kompyuta pale.